Albamu ya pili ya Springsteen ni moto hivi, mbona 1973 watu waliiacha dukani?

#1 Santuri Kuukuu
Wakuu salama. Niende moja kwa moja. Wiki nzima narudiarudia The Wild, the Innocent & the E Street Shuffle, albamu ya pili ya Bruce Springsteen, yule mwanamuziki wa rock wa Marekani, na kadiri ninavyoisikiliza ndivyo hasira zinavyonipanda. Imetoka Novemba 1973, ngoma saba tu, dakika kama 47, na kwangu mimi inaifunika Born to Run, albamu yake ya tatu ya 1975, mchana kweupe. Upande B una ngoma tatu peke yake, Incident on 57th Street, Rosalita na New York City Serenade, na kama kuna mtu anajua upande wa santuri uliopangwa vizuri kuliko huo auweke hapa tuuone.

Sasa swali langu. Ilivyotoka haikunusa hata chati. Billboard, chati ya Marekani, imekuja kuingia 1975, karibu miaka miwili baadaye, ikaishia namba 59. Wachambuzi wa magazeti walikuwa wameshaisifia, Ken Emerson wa jarida la Rolling Stone aliiandika vizuri tu Januari 1974. Kwa hiyo sifa zilikuwepo, wanunuzi hawakuwepo. Shida ilikuwa wapi? Na tafadhali msinijibu "watu hawakuielewa", hilo ni jibu la mtu mvivu.

#2 Kiti cha Nyuma
Nakaa hapa, wajuzi wapite.

#3 Bwana Redio
Jibu ni moja tu mkuu, lebo. Waliomchukua Springsteen pale Columbia 1972 ni John Hammond na bosi wake Clive Davis. Mei 1973, hawa vijana ndo wameanza kurekodi hii albamu ya pili, Davis akatimuliwa. Basi. Aliyekuwa anampigia debe kaondoka, walioachiwa ofisi wanamwona huyu ni mradi wa mtu aliyefukuzwa. Albamu ikawa mtoto wa kambo. Na mwezi huohuo wa Novemba lebo hiyohiyo ikatoa Piano Man ya Billy Joel, nguvu zote zikahamia kule. Hapo unategemea nini?

#4 dadaKinanda
Bwana Redio sikatai lakini tuwe wakweli, hata Davis angebaki, redio zingepiga nini? Hebu hesabu. Kitty's Back dakika 7. Rosalita dakika 7. Incident karibu dakika 8. New York City Serenade inakaribia dakika 10 na inaanza na kinanda peke yake kwa muda mrefu hadi unasahau kuna mwimbaji. Ngoma fupi kuliko zote ni The E Street Shuffle nayo ni dakika 4 na nusu. Halafu hakuna singo iliyotolewa, yaani wimbo mmoja wa kutoka peke yake upigwe redioni. Hakuna! Yaani umeenda sokoni bila kibandiko cha bei, mteja atajuaje unauza?

#5 Mtu wa Kaseti
Mi naona shida ni dramu. Max Weinberg kwenye hii albamu hajatulia kabisa, yaani kuna sehemu anakimbia na kuna sehemu anachelewa, alikuwa bado mdogo labda.

#6 Mpiga Bezi
😂😂 Mtu wa Kaseti umemsingizia mwenzio dhambi isiyo yake. Max hayumo humu kabisa, alijiunga 1974 baada ya albamu kuwa imeshatoka. Huyo unayemsikia ni Vini Lopez, walimwita Mad Dog na jina halikuwa la bure maana alifukuzwa Februari 1974 baada ya kugombana na mdogo wake meneja, ngumi zilihusika. Halafu akaja Ernest Carter, akapiga ngoma moja tu ya kihistoria, wimbo wenyewe wa Born to Run, akaondoka. Ndo akaja Max.

Na kabla mtu hajaja kumtaja Steve Van Zandt, yule mpiga gitaa wa bendi, naye hayumo.

#7 Mtu wa Kaseti
Nimekoma. Lakini hoja yangu inabaki palepale, badilisha jina tu 😅

#8 Mpiga Bezi
Hoja yako nayo naipinga. Mimi napiga bezi kwenye bendi ndogo, kuna kipindi tulijaribu Kitty's Back. Mpiga dramu wetu ni mtu wa saa, kila kitu kimenyooka, tukaipiga ikatoka kama gwaride. Imekufa. Tukarudi kusikiliza upya tukagundua uzuri wake uko kwenye kuyumba kwa Lopez, bendi nzima inayumba naye, inainuka naye, ni kama watu wanaoshuka ngazi wakikimbia na hakuna anayeanguka. Ukimwondoa Lopez hiyo albamu inakuwa kitu kingine. Nzuri pengine, ila kitu kingine. Sisi tuliishia kuutupa wimbo tukarudi kwenye mambo mepesi.

#9 Santuri Kuukuu
Mpiga Bezi umenikumbusha kitu muhimu. Springsteen mwenyewe kasimulia kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 2016, kwamba alivyopeleka hii albamu, bosi mmoja pale kwenye lebo akamwambia upigaji hautoshi, warekodi upya na wapigaji wa kukodi wa studio. Akagoma. Akaambiwa basi hii itaishia kapuni. Sasa unganisha na maneno ya Bwana Redio: kumbe haikuwa kwamba waliisahau, waliiona na wakaiacha makusudi.

#10 Bwana Redio
Asante sana. Nafunga jalada, kesi imeisha.

#11 Kichwa Ngumu
Jalada hulifungi wewe bwana mkubwa. Mimi nina swali la kitoto: studio. Hii albamu imerekodiwa 914 Sound, pale Blauvelt, nje ya New York, studio ya bei nafuu, usiku usiku. Sikilizeni sauti yake jamani, imebanwa kama mtu anaimba ndani ya kabati. Weka pembeni Goodbye Yellow Brick Road ya Elton John ya mwaka huohuo, utasikia tofauti ya mbingu na ardhi. Watu wa 1973 walikuwa na masikio.

#12 dadaKinanda
Kichwa Ngumu jina limekufaa. Studio hiyohiyo 914 ndo Janis Ian alirekodi Between the Lines, na ile albamu ilifika namba 1 Marekani 1975, lebo hiyohiyo Columbia. Na wimbo wa Born to Run, ule wimbo wenyewe, ulirekodiwa palepale 914, wakauhangaikia miezi sita 1974, ngoma nyingine zilizobaki ndo wakahamia studio ya Record Plant. Kabati hilohilo limetoa vitu hivyo. Tafuta mchawi mwingine.

#13 Kichwa Ngumu
Sasa wewe dada umenisaidia bila kujua. Miezi sita kwa wimbo mmoja! Maana yake jamaa mwenyewe alijua ile sauti ya albamu ya pili haikumridhisha. Angeridhika angehangaika miezi sita?

#14 dadaKinanda
Au alikuwa anajua ni nafasi yake ya mwisho na lebo imemkalia shingoni. Mtu mwenye kisu shingoni naye huwa makini sana na kazi yake.

#15 Sauti Kavu
Nyote mmesahau kuangalia kalenda. Oktoba 1973, vita ya Mashariki ya Kati, Waarabu wakafunga mabomba, mafuta yakapanda. Santuri zinatengenezwa na nini? Plastiki. Plastiki inatoka wapi? Mafuta. Kipindi kile malighafi ya santuri iliadimika na viwanda vikabana. Ukiwa lebo una malighafi kidogo unamchapia nani, staa au kijana kutoka New Jersey ambaye albamu ya kwanza iliuza kama nakala 25,000 tu mwaka wake wa kwanza? Uchumi wakuu, uchumi. Siyo mambo ya dramu.

#16 Nyota ya Jioni
Nimeipenda hii ya Sauti Kavu, sikuwahi kuifikiria.

#17 Bwana Redio
Ni nzuri kuisikiliza lakini haisimami. Hiyo Goodbye Yellow Brick Road aliyoitaja Kichwa Ngumu ni santuri MBILI kwenye kava moja, imetoka Oktoba 1973, katikati ya hayo mafuta yako, ikakaa namba moja Marekani wiki nane. Plastiki ilitoka wapi? Kiwandani, kwa sababu kuna mtu aliamua ichapwe. Tunarudi kulekule, uamuzi wa watu wa ofisini.

#18 Sauti Kavu
Wewe nawe unathibitisha nilichosema. Nimesema kikipungua wanampa staa. Elton ni staa au siyo staa? Soma taratibu mzee.

#19 Bwana Redio
Mmh. Hapo umenishika kidogo. Kidogo!

#20 Mchambuzi Uchwara
Habari zenu, nimesoma uzi wote tangu juu. Mimi naanzia mbali kidogo. Hammond alivyomchukua huyu bwana alimwona na gitaa peke yake, akaona huyu ni Bob Dylan mpya, yule mtunzi wa folk, na lebo ikamtangaza hivyohivyo kwenye albamu ya kwanza, Greetings from Asbury Park, Januari 1973. Maneno mengi, gitaa kavu, bendi imewekwa nusunusu. Sasa ndani ya miezi kumi tu, mwaka huohuo, mtu uliyeambiwa ni Dylan mpya anakuletea bendi ya soul na jazi, saksafoni ya Clarence Clemons, tuba, kodiani, kelele za watu studio kama sherehe. Ule wimbo wa kwanza gitaa lake limechukua mdundo kutoka Monkey Time ya Major Lance, ngoma ya soul ya Chicago ya 1963. Aliyemnunua kwa sababu ya Dylan akasema huyu siye. Anayependa soul hakujua kama kuna kitu chake humo ndani maana kava lina sura ya mzungu mwenye ndevu anajishika uso kama anaumwa jino. Kwa hiyo shida siyo lebo kumtelekeza, shida ni lebo kumtangaza vibaya TANGU MWANZO. Lebo ilimvika koti, alivyolivua watu hawakumtambua.

#21 Mtu wa Kaseti
"Kama anaumwa jino" 😂😂😂 nimecheka peke yangu hadi watu wamenigeukia

#22 Nyota ya Jioni
Mchambuzi umegusa kitu nataka kukiongezea. Angalieni bendi yenyewe. Clemons mweusi. David Sancious wa kinanda mweusi, na alikuwa na miaka 19 wakati wanarekodi, kumi na tisa jamani, msikilizeni mwanzo wa New York City Serenade halafu mniambie nyie mkiwa na 19 mlikuwa mnafanya nini. Congas kapiga Richard Blackwell, naye mweusi. Redio za Marekani wakati ule zilikuwa zimeshaanza kujitenga, za rock huku, za soul kule. Albamu kama hii ikiingia kituo cha rock wanasema mbona kama soul, ikienda kituo cha soul wanasema huyu mzungu ni nani. Ikakosa kwao. Nadhani hilo limechangia kuliko tunavyokiri.

#23 Kichwa Ngumu
Na Sly & the Family Stone je? Santana je? War je? Hao wote walichanganya rangi na waliuza kama karanga. Santana mwenyewe yuko Columbia hiyohiyo.

#24 Nyota ya Jioni
Sly alikuwa na singo za dakika tatu kaka. Santana naye alikuwa na singo. Narudi kwa dadaKinanda post namba 4: huyu hakuwa na singo. Mimi sijasema rangi peke yake, nimesema ilikosa kwao. Ukiwa na singo nyumba utaitafuta mwenyewe.

#25 dadaKinanda
Nyota ya Jioni ❤️ sisi wawili tuanzishe chama.

#26 Bwana Redio
Chama cha singo. Lakini wimbo wenyewe wa Piano Man ulikuwa na dakika 5 na nusu, redio wakaikata ikapigwa. Rosalita ingeshindikana nini kukatwa?

#27 Mpiga Bezi
Ukatie wapi Rosalita? Niambie ukatie wapi. Kila ukidhani imeisha inaanza tena. Kukata ile ni kama kumkatisha mtu anayekusimulia kisa cha harusi yake, utajua harusi ilikuwepo lakini hutajua nani alianguka kwenye keki.

Halafu kinachonichekesha, ndani ya Rosalita jamaa anajitapa kwa baba wa binti kwamba kampuni ya muziki imempa hela ya utangulizi, nzito. Kampuni hiyohiyo ambayo inajiandaa kuitupa santuri kapuni. Mkwe angejua!

#28 Santuri Kuukuu
😂 Mkwe alikuwa sahihi siku zote.

#29 Kiti cha Nyuma
Samahani mimi ni mgeni wa mambo haya, hivi ile kauli ya "nimeona mustakabali wa rock and roll" si ndo ilikuwa inaisema hii albamu? Maana nilisoma mahali kwamba mwandishi ndo akawa prodyuza wake.

#30 Mchambuzi Uchwara
Karibu mkuu. Hapana, watu wengi wanachanganya. Jon Landau aliandika yale kwenye The Real Paper, gazeti la Boston na Cambridge, Mei 1974, na alichokiona ni shoo, siyo albamu. Springsteen alikuwa anamtangulia Bonnie Raitt pale Harvard Square Theater tarehe 9 Mei. Ni kweli baadaye Landau akaingia kama prodyuza, lakini ni Born to Run. Hii ya pili prodyuza ni Mike Appel, meneja wake, na Jim Cretecos. Appel huyohuyo ndo wakaja kuburuzana mahakamani 1976 hadi 1977, hayo yana uzi wake.

Ila swali lako lina faida. Lebo ilikuja kuichukua ile sentensi ya Landau na kuijaza kwenye matangazo, na hapo ndo watu wakaanza kurudi nyuma kununua za zamani.

#31 Santuri Kuukuu
Na ndo maana 1975. Albamu zote mbili za mwanzo zimeingia chati baada ya kelele za Born to Run. Ya kwanza ikaishia 60, ya pili 59. Namba moja tofauti, kama mapacha. Hiyo inamaanisha hata zilipouzwa, watu walikuwa wananunua jina, hawakununua albamu.

#32 Kichwa Ngumu
Mleta uzi unajijibu mwenyewe sasa. Kama ingekuwa bora kuliko Born to Run kama ulivyodai, 1975 watu wameshamjua, wameshaipata mkononi, kwa nini iliishia 59? Lebo haikuwa imemtelekeza tena, Oktoba 1975 alikaa kava la Time na Newsweek wiki moja. Singo? Aliyenunua albamu nzima hahitaji singo. Dramu, studio, mafuta, vyote vimeisha. Bado 59. Pengine ni albamu nzuri ya watu wachache, basi. Si dhambi.

#33 dadaKinanda
Kichwa Ngumu leo umeamka vizuri, hilo ni swali la maana.

#34 Bwana Redio
Mwaka 1975 nani ananunua albamu ya miaka miwili iliyopita wakati mpya iko dukani? Namba 59 kwa albamu iliyokwisha kufa ni ufufuo huo. Imefika hadi platinamu mbili, yaani nakala milioni mbili, Marekani baada ya miaka. Na orodha ya Rolling Stone ya albamu 500 ya 2003 iliwekwa namba 132.

#35 Kichwa Ngumu
Na ya 2020 imeshuka hadi 345. Malizia habari mzee, usikate kama redio.

#36 Bwana Redio
😂 Wewe mtu mbaya.

#37 Mtu wa Kaseti
Naomba nitoke nje ya mada. Mimi hii albamu niliijua kwa kaseti ya kurekodiwa, aliyeirekodi alikata New York City Serenade katikati maana kaseti iliisha. Miaka na miaka nilidhani wimbo unaishia pale, ghafla tu, tap. Nikawa naona ni ubunifu wa hali ya juu, nawaelezea watu, "unaona alivyokata, kama maisha." Nimekuja kuisikia nzima ukubwani nikaona aibu mwenyewe chumbani.

#38 Mpiga Bezi
😂😂😂😂 Mchambuzi Uchwara, mpishe mwenye jina lake akae.

#39 Mchambuzi Uchwara
Namkabidhi hata funguo.

#40 Nyota ya Jioni
Na mimi nitoke nje ya mada basi. Sandy, ngoma ya humuhumu. Jina kamili lina 4th of July, Asbury Park. Watu wanaichukulia kama wimbo wa mapenzi wa ufukweni, fataki, mabinti, mpiga ramli Madam Marie ambaye alikuwepo kweli pale kwenye njia ya mbao ya ufukweni. Lakini Asbury Park, mji wa pwani kule New Jersey, ilikuwa na machafuko makubwa ya rangi Julai 1970, yalianza tarehe 4 hiyohiyo, mitaa ya weusi ikaungua, na mji haukuinuka tena kwa muda mrefu. Miaka mitatu baadaye mtu wa palepale anaandika wimbo wa tarehe 4 Julai kumwambia msichana kwamba maisha haya ya ufukweni kwake yamekwisha. Mimi kila nikiusikia naona siyo msichana anayeagwa, ni mji.

#41 Santuri Kuukuu
Sikuwahi kuunganisha hizo tarehe. Aisee.

#42 Sauti Kavu
Dada hapo umevuta kamba sana. Tarehe 4 Julai ni sikukuu ya uhuru kwa Mmarekani, kila mtunzi wa Marekani ana wimbo wenye tarehe hiyo. Hakuna neno hata moja la machafuko mle ndani.

#43 Nyota ya Jioni
Ndo maana nimesema "mimi naona". Lakini fikiria unaishi mji uliowaka moto tarehe hiyo, halafu useme hukuwaza. Haya.

#44 dadaKinanda
Mimi Sandy naisikilizia kodiani ya Danny Federici tu. Machi 2008 akiwa anaumwa saratani alipanda jukwaani na bendi mara ya mwisho kule Indianapolis, na Sandy ilikuwa moja ya alizopiga, mwezi uliofuata akafariki. Tangu nijue hilo siwezi kuusikiliza nikiwa nafanya kazi nyingine. Naacha kila kitu.

#45 Mpiga Bezi
🙏🏾

#46 Kiti cha Nyuma
Swali la mgeni tena, E Street ni nini? Na haya majina mengine yanatoka wapi?

#47 Mpiga Bezi
E Street ni mtaa kweli, uko Belmar, New Jersey, ndo kwa mama yake David Sancious. Jamaa walikuwa wanakwenda kumchukua pale au kufanyia mazoezi, na hadithi maarufu ni kwamba Sancious alikuwa mzito kutoka ndani kwa hiyo wenzake walikaa sana mtaani kumsubiri. Bendi kubwa duniani imepewa jina kwa sababu ya mtu mmoja asiyejua saa. Na utani wa Mungu ni kwamba Sancious huyo alishaondoka 1974 pamoja na Carter, kabla jina halijawa kubwa.

#48 Mtu wa Kaseti
Bendi ya kwetu ingeitwa Kituo cha Basi.

#49 Bwana Redio
Turudi kwenye mada wakuu. Nina hoja nyingine ambayo itanivunjia hata ile ya kwanza. 1973 Springsteen alipewa nafasi ya kuwatangulia Chicago kwenye kumbi kubwa, bendi ya lebo yake mwenyewe. Alichukia. Kumbi kubwa, dakika chache, watu wanasubiri wengine. Akasema hatangulii tena mtu kwenye kumbi hizo, akarudi vilabu na kumbi ndogo. Sasa kipindi hiki albamu yenyewe imetoka, hamna redio, hamna singo, NA mwenyewe hataki kusimama mbele ya watu elfu kumi na tano. Watu wangeijulia wapi? Labda tusiitupie lebo yote.

#50 Santuri Kuukuu
Lakini Bwana Redio, hizo kumbi ndogo ndo zilimfanya Landau aandike alichoandika. Bila Harvard Square Theater hakuna ile sentensi. Na kumbuka hizo ngoma za dakika 7 zilitungwa kwa ajili ya jukwaa. Rosalita ilifunga shoo zake kwa karibu miaka kumi. Video ya Rosalita wanayoijua watu wengi ni ya shoo ya Phoenix 1978, wasichana wanapanda jukwaani kumbusu, siyo ya studio. Hii albamu ni kama ramani ya shoo. Novemba 2009 aliipiga nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho Madison Square Garden, na waliokuwepo bado wanaongelea.

#51 Kichwa Ngumu
Kwa hiyo unakiri. Ni ramani ya shoo. Mtu hanunui ramani akiwa hana safari.

#52 Santuri Kuukuu
Wewe nitakutafuta.

#53 Mchambuzi Uchwara
Kichwa Ngumu kaongea kitu lakini. Na niongeze, walikuwa na nyimbo nyingine kibao walizoziacha nje, Thundercrack kwa mfano, ngoma ambayo kabla ya Rosalita ndo ilikuwa inamalizia shoo. Imekuja kutoka rasmi 1998 kwenye mkusanyiko wa Tracks. Mimi kama ningekuwa Appel ningeweka Thundercrack nitoe Wild Billy's Circus Story. Ile sarakasi na tuba sijawahi kuielewa, naruka kila siku.

#54 dadaKinanda
Ukitoa Wild Billy mimi natoka na wewe humu ndani.

#55 Mpiga Bezi
Hapana bwana, Mchambuzi umeharibu. Tuba ile kapiga Garry Tallent, mpiga bezi wetu. Usiguse.

#56 Sauti Kavu
Hatimaye kitu tumekubaliana wote: Mchambuzi kakosea.

#57 Mchambuzi Uchwara
Nimeomba radhi kwa wapiga bezi wote duniani. Lakini bado naruka.

#58 Kiti cha Nyuma
Wakuu nimerudi. Nimeisikiliza nzima sasa hivi mara ya kwanza maishani, toleo lililosafishwa la 2014. Sauti mimi sijaona tatizo, labda kabati limefunguliwa milango. Mashahidi wa dramu na mafuta sijui niamini yupi. Ila kuna kitu nataka kuuliza, ule mwisho wa Incident on 57th Street, kinanda kinabaki peke yake kinalia taratibu halafu kabla hakijakauka gitaa la Rosalita linaingia, hivi ilipangwa hivyo au ni bahati? Maana nimerudisha pale mara sita.

#59 Santuri Kuukuu
Huyo ndo mtu wangu. Mara sita ni mwanzo tu mkuu, rudisha tena.